Nani Amekufa?

Padri alinikabidhi kengele ya kanisa kwa sababu katika kamati nzima ni mimi peke yangu niliye na spana. Kanisa lenyewe liko huku Eastlands. Jina nalihifadhi, tusije tukaitwa kwenye kikao tena.

Kazi si ngumu ila ina masharti yake. Beringi hupakwa grisi, si mafuta ya kupikia kama alivyofanya aliyenitangulia. Kinyesi cha njiwa hukwanguliwa kabla hakijala vyuma. Bolti hukazwa. Kisha unakagua pale ulimi unapogonga, maana kengele ni shaba, asilimia 78 hivi, na iliyobaki ni bati. Mchanganyiko huo unalia vizuri lakini ukigongwa vibaya unapasuka. Big Ben ya London ilipasuka mwaka wa 1859, miezi miwili tu baada ya kuanza kulia, kwa nyundo nzito kupita kiasi. Ikabidi waigeuze kidogo na kuweka nyundo nyepesi, na ule ufa uko hadi leo. Hayo nilimweleza mwenyekiti siku alipotaka tumlete jamaa wa jua kali kutoka Kamukunji "aichomelee kidogo, kwa usalama."

Basi Jumamosi hiyo nilifunga kamba kwenye msumari wa juu, nikaning'iniza karatasi yenye herufi kubwa: FUNDI YUKO JUU. USIGUSE KAMBA. Nikapanda. Nililala chali juu ya mbao, kichwa ndani ya kengele, kurunzi mdomoni, nikipapasa kwa vidole ule mbonyeo wa ulimi.

Ngooo!

Ukingo ulinipita sikioni. Kurunzi ilianguka, nami nikabingirika hadi kwenye kona ya njiwa, ambao hawakufurahia ugeni. Kimya. Halafu, ngooo! Kimya tena, kirefu.

Sasa, kwetu kengele ya Misa hupigwa mfululizo. Ya msiba hupigwa mara moja, watu wakavuta pumzi, ndipo ikapigwa nyingine. Huyu wa chini alikuwa akipiga ya msiba, tena kwa ustadi kumshinda mpiga kengele wetu, ambaye siku zote ana haraka ya kwenda kutazama mpira.

Ngazi inapita chini ya kengele yenyewe, kwa hiyo kushuka hakukuwezekana. Nilichungulia kwenye tundu la kamba nikaona pembe.

Alikuwa mbuzi wa sadaka ya mavuno, amenunuliwa Kiamaiko asubuhi hiyo. Askari wa lango alikosa pa kumfunga, akaona kamba nzuri imekaa bila kazi. Karibu na hapo akina mama walikuwa wameacha ndoo za maua ya altare. Mbuzi akinyoosha shingo kuchuma ua, kengele inalia. Akitafuna, inanyamaza. Alikuwa mtafunaji mwenye subira.

Nilipiga kelele, nani asikie? Nikatoa simu. Kikundi cha jumuiya kwenye WhatsApp kilikuwa kimeshawaka. "Poleni sana." "Bwana ametoa, Bwana ametwaa." "Ni nani jamani?" Mmoja akajibu kwamba amesikia ni yule mzee wa nyuma ya kinu cha unga, si alikuwa mgonjwa? Mweka hazina, mtu wa kazi, akaweka namba ya M-Pesa ya rambirambi.

Kwa vidole vya grisi nikaandika: "Ni mbuzi tu."

Jibu lilikuja upesi: "Ndugu, hata kama mlikosana, marehemu haitwi mbuzi."

Askari alipomfungua mnyama, kanisa lilikuwa limejaa. Nikashuka na michirizi ya grisi usoni. Shosho mmoja akanikumbatia: "Pole, mwanangu. Umelia sana." Nilipotafuta ile karatasi yangu niwaonyeshe, nilipata kipande kimoja sakafuni, kimelowa mate, kimeandikwa USIGU.

Kwaya ilikuwa kwenye ubeti wa pili ndipo mlango ulipofunguliwa. Mzee wa nyuma ya kinu aliingia polepole, suti nyeusi, kofia, bakora mkononi.

"Nimesikia kengele. Nani amekufa?"

Sauti ya tatu ilibaki juu peke yake, kisha nayo ikakata. Watu walitazama viatu vyao. Mwishowe shosho yule akasema kwa adabu, "Ni wewe, Mzee."

Mzee alijitazama mikono. Simu ya mweka hazina ikalia ujumbe, halafu mwingine.

"Na hizo ni nini?"

"Rambirambi zako, Mzee."

"Ngapi?"

Mweka hazina akamnong'oneza. Mzee akavua kofia, akaketi kwenye benchi la mbele, akaweka bakora kando.

"Endeleeni kuimba," akasema. "Shemeji zangu bado hawajatuma."