Omakase ya bei poa, poa kwa nani?

Jamani hivi nani alianza kuita kitu cha dola 68 bei poa? Maana hapa New York siku hizi kila mtaa unaopita kuna kaunta ya omakase ya bei poa, yaani sushi, ule wali wa Kijapani wenye samaki mbichi juu, unapandishwa kwenye stuli ndefu, mpishi ndo anaamua utakula nini, vipande kumi na mbili ndani ya saa moja, haya inuka wapishe wenzio. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ndo kashikilia bango, eti shem haiwezekani unakaa mji huu hujala sushi ya ukweli. Nikimtajia bei ananiambia nishukuru, pale Masa, mgahawa wa sushi wa Columbus Circle, kichwa kimoja ni zaidi ya dola 700 na hapo hujagusa kinywaji. Sasa hiyo ndo hesabu gani? Yaani kwa sababu kuna nyumba Masaki basi chumba changu cha Mbagala kinakuwa cha bure?

Af hela wanakata kabla. Unaweka kadi wiki nzima mapema, ukichelewa imekula kwako. Tukafika, watu nane tumepangwa mstari mmoja, nikaomba menyu, dada anayehudumia akatabasamu tu. Hakuna menyu. Swali pekee unaloulizwa ni kama una mzio wa kitu chochote, na mi mzio wangu ni bei ila hilo halikuwepo kwenye fomu.

Mpishi lakini, tuseme ukweli, fundi. Anachovya vidole kwenye maji yenye siki, anapiga makofi kidogo, anachota wali bila hata kuuangalia, anapaka wasabi, ile kitu kali ya kijani, kwa ncha ya kidole, anaweka samaki juu, anaminya mara mbili tatu huku anaizungusha, af anapitisha brashi ya soya juu yake na kukuwekea mbele yako. Unaona kabisa wali umeshikana ila ukiutia mdomoni unaachana wenyewe. Wa vuguvugu, una siki na kasukari kwa mbali. Na nikaambiwa ruksa kula kwa mkono, hapo nikakunja shati nikasema alaa kumbe nyie watu wetu, wenzangu kule mwisho wa kaunta wanahangaika na vijiti mi nimeshamaliza namuangalia mpishi usoni. Ye anakata samaki taratibu, hana haraka na njaa ya mtu.

Shida ni shemeji kugeuka mwalimu. Kila kipande na mhadhara wake, kajaza YouTube kichwani. Nikasema huyu salmoni mtamu, leo leo katoka baharini huyu, akacheka, shem huyo katoka friza, kanuni za huku samaki wengi wa kuliwa wabichi lazima wagandishwe kwanza, mfano nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku saba ili minyoo ife, jodari yumo kwenye waliosamehewa. Mtu natafuna ananitajia minyoo! Akaja jodari, akaanza tena, eti Januari 2019 pale soko la Toyosu, Tokyo, jodari mmoja wa kilo 278 aliuzwa kwa mnada yen milioni 333.6, dola kama milioni tatu hivi. Nikaangalia kile kipande changu, kinapitisha mwanga, ukikiweka juu ya gazeti unasoma habari.

Ila kilichoniuma zaidi ni pale aliponiambia hii sushi ya kuminya ilianzia vibandani Edo, ndo Tokyo ya zamani hiyo, karne ya 19, anatajwa sana bwana mmoja anaitwa Hanaya Yohei, watu wanakula wamesimama barabarani wanaenda zao kazini, na tonge lenyewe lilikuwa kubwa kuliko haya. Kwa hiyo chakula cha kibandani, kikapunguzwa, kikawekewa taa za njano na muziki wa chini chini, af mimi ndo nimeitwa kulipia tofauti.

Tukafika kwa mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, kapakwa mchuzi mtamu, kapigwa kile kitochi cha gesi, hapo nilisema alhamdulillah angalau kuna kitu kimeona moto. Kabla sijammeza vizuri likaletwa kadi dogo limeandikwa vizuri, vya kuongezea kwa anayetaka. Aaah! Kumbe kuandika wanajua! Menyu ya chakula nilicholipia haipo, ya chakula cha kulipia tena ipo na bei zake. Yule wa baharini wa miiba, ambaye ukimkanyaga Kigamboni unarudi nyumbani unachechemea, kijiko chake kimoja dola 15. Mke wangu akaagiza. Hakuniangalia, aliagiza tu.

Na nyuma hapo kundi linalofuata limeshasimama mlangoni linatuangalia migongo, chai ya kijani hata haijapoa, risiti imeshafika. Kodi ya mauzo asilimia 8.875, tipu asilimia 20 imeshaandikwa kwenye skrini na yule dada kasimama hapo hapo anaangalia dari, wakati Japani kwenyewe tipu hakuna, ukiacha hela mezani wanakukimbiza wakurudishie. Ile 68 ikawa 88 kasoro senti, kabla ya mdudu wa miiba, na hicho ni kichwa kimoja, na njaa bado ipo, tukasimama kwenye gari la kuku na wali pale kona nikala nikiwa nimesimama kama watu wa Edo.

Mke wangu anasema pazuri, mama akija kiangazi tumlete. Mama mkwe wangu wa Tanga! Akiwekewa samaki mbichi mbele yake yule mama atavuka kaunta aulize sufuria iko wapi, na kile kitochi atamnyang'anya mpishi. Nikajaribu kulieleza hilo kwa adabu lakini shemeji alishatoa simu anatafuta nafasi ya watu wanne, na kadi anayojaza namba zake naiona kabisa, ni ya kwangu.