Bega la kushoto na ukingo wa barabara

Mimi ni mtu wa mkono wa kulia. Naandika kwa huo, narusha mpira kwa huo, na mlango mzito nikiufungua ni huo unaotangulia. Bega la kushoto lilipoanza kuniuma, kila niliyemweleza alishangaa kidogo, kisha akatoa jibu lilelile: ni huo mpira wa kikapu unaoucheza kwenye kiti cha magurudumu, punguza. Kocha wetu wa wakati ule akaniweka nje wiki tatu. Daktari mmoja akaniandikia dawa ya maumivu na kuniambia watu wa viti vya magurudumu huishia hivyo, nizoee. Nilimeza dawa, nikakaa nje ya uwanja, na usiku bado nilikuwa siwezi kulalia upande ule.

Jibu lilitoka kwenye glavu. Huwa navaa zile zilizokatwa vidole, na jioni moja nikizianika niliona ya kushoto imetoboka kiganjani hadi kidole kinapita, na ya kulia ingali nzima. Nilizinunua siku moja. Nikakaa nazo mapajani nikijiuliza mkono huu wa kushoto ulikuwa unafanya kazi gani ambayo mimi mwenyewe siijui.

Ilikuwa kazi ya barabara. Lami huinuliwa katikati ili maji ya mvua yateremkie mitaroni. Sisi wenye viti hatuna njia yetu, kwa hiyo tunapita ukingoni, upande wa kushoto pamoja na baiskeli na mikokoteni. Hapo ukingoni lami imeinama kuelekea mtaroni, na kiti nacho kinataka kuufuata mwinamo. Ili kisiingie mtaroni, mkono ulio upande wa chini lazima usukume kwa nguvu zaidi, na ule wa juu unabaki kuongoza na kuzuia. Nikienda mjini, mkono wa chini ni wa kushoto. Nikirudi nyumbani nimehamia upande wa pili wa barabara, na mkono wa chini ni uleule wa kushoto. Kwenda ni huo, kurudi ni huo, miaka saba.

Hapa Nakuru ukingo wa barabara si shida peke yake. Mji umekaa kwenye mteremko, Menengai juu na ziwa chini. Kutoka Kenyatta Avenue kupanda upande wa Milimani hakuna kupumzisha mkono, maana ukiuachia kiti kinarudi nyuma. Nyumbani kwangu hadi kazini ni karibu kilomita mbili. Kwa mwendo wa mtu anayetembea taratibu, msukumo mmoja hukupeleka kama mita moja, hivyo kilomita moja ni misukumo elfu moja hivi. Kwenda na kurudi ni elfu nne, siku sita kwa wiki. Uwanjani nilikuwa nakaa saa nne tu kwa wiki nzima. Sasa nani alikuwa na haki ya kuulaumu mpira?

Hilo ndilo lililonifanya niandike. Kijana wa kiti akilalamikia bega, jambo la kwanza tunalomnyima ni mchezo, yaani saa chache za wiki ambazo anakaa kwenye kiti chepesi, kwenye saruji tambarare, akiwa amepasha misuli moto. Tunamrudishia saa zote zilizobaki bila kuziuliza chochote. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti uliolinganisha watumiaji wa viti wanaocheza michezo na wasiocheza, ukakuta wasiocheza ndio wenye uwezekano mkubwa zaidi wa kuumwa bega. Sisemi kikapu hakina gharama. Pete ya goli tunayorushia iko mita 3.05 juu, sawasawa na ya wanaocheza kwa miguu, na sisi tunairushia tukiwa tumekaa, mkono ukiwa juu ya kichwa mara kwa mara. Hilo linachosha bega. Lakini bega lililofika uwanjani likiwa limeshaumizwa na barabara ya wiki nzima litaumia hata kwa kurusha mara kumi.

Bega lenyewe halikuumbwa kuwa mguu. Nyonga ni kiungo cha kubeba uzito, kichwa cha mfupa wa paja kimezama ndani ya shimo lake kikatulia. Bega limeumbwa kufika mbali: kichwa cha mfupa wa mkono kimeegemea kibao kidogo kisicho na kina, kama ndimu juu ya kijiko katika zile mbio za shule ya msingi. Kinachoizuia ndimu isianguke ni misuli minne midogo iliyolizunguka bega pamoja na kano zake. Kano moja hupita kwenye upenyo mwembamba chini ya ncha ya mfupa wa bega. Mabega yakipanda wakati unasukuma, au viwiko vikitanuka kwa nje, upenyo huo hubanwa na kano husagwa. Msukumo mmoja hauna neno. Elfu nne kwa siku ni habari nyingine.

Halafu kuna hili ambalo makocha wengi hawalioni. Kusukuma kiti hujenga misuli ya mbele, ya kifua na ya mbele ya bega. Misuli ya nyuma, ile inayoyavuta makombe ya mabega yakaribiane na inayouzungusha mkono kwa nje, haipati kazi ya kutosha. Mwaka wa kwanza hadi wa tatu, mbele kunanenepa na nyuma kunabaki vilevile, mabega yanavutwa mbele, na upenyo niliousema unazidi kuwa mwembamba. Sasa tazama mazoezi tunayopewa: mizunguko ya uwanja kwa kusukuma, pushapu za kwenye kiti, vyuma vya kusukuma juu. Mtu amesukuma wiki nzima, Jumamosi anaongezewa kusukuma. Mimi nilifanya hivyo miaka mingi nikidhani najenga nguvu.

Dawa yake ni kuvuta. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya watu 80 waliopooza miguu na wenye maumivu ya bega. Kundi moja lilifanya mazoezi ya nyumbani kwa wiki 12, ya kuimarisha misuli hiyo ya nyuma na ya kuzungusha bega, likafundishwa pia namna nzuri ya kujisukuma na kujihamisha. Maumivu yao yalipungua sana, na wale waliopewa maelezo tu hawakupata nafuu hiyo. Vifaa havina gharama kubwa. Mimi nilinunua ile mipira mirefu myeusi inayokatwa kwenye tyubu, watu wa bodaboda hufungia mizigo nayo, nikaifunga kwenye nguzo ya veranda. Navuta kuelekea mbavuni viwiko vikiwa karibu na mwili, kisha nageuza mkono kwa nje kiwiko kikiwa kimebanwa ubavuni. Taratibu, bila kukimbilia idadi. Wiki ya tano niliweza kulalia kushoto. Sitasahau asubuhi ile.

Namna ya kusukuma nayo haifundishwi, na hili linanisikitisha kuliko mengine kwa sababu halihitaji hata shilingi. Wengi wetu husukuma kwa vipigo vifupi vya haraka juu ya ringi, ile bangili ya chuma iliyo pembeni mwa gurudumu, kisha mkono unarudi nyuma ukifuata ringi hiyohiyo. Mwongozo wa kitabibu uliotolewa Marekani mwaka 2005 kwa watu walioumia uti wa mgongo unashauri kinyume chake: msukumo mrefu, laini, usio wa pupa, na ukishaachia ringi acha mkono uanguke chini yake, uzunguke huko chini ukirudi nyuma. Mkono unachora kama nusu duara. Kwa njia hiyo unashika ringi mapema zaidi na kuiachia baadaye, misukumo inapungua kwa umbali uleule. Kwenye mlima haiwezekani, nakubali, kwa kuwa kiti kitarudi nyuma kabla mkono haujamaliza safari yake. Pale fanya vipigo vifupi, ukifika tambarare rudia mrefu. Nami siku hizi panapokuwa na mlima mkali naomba nisukumwe, na sioni aibu.

Kubadilisha msukumo kwenye kiti kibaya, hata hivyo, ni kujisumbua. Kiti changu cha kwanza nilikipata kwenye hafla. Vilishushwa kwenye lori, tukapangwa mstari, kila mtu akapewa kilichomkuta, picha zikapigwa. Nilishukuru kwa moyo wote, maana kabla ya hapo nilikuwa nabebwa mgongoni. Lakini kiti kile kilikuwa kipana hata mkoba wangu ulikaa pembeni mwangu kwenye kalio, kwa hiyo ili nifikie ringi ilibidi nitanue viwiko kama kuku anayeota jua. Ekseli ya nyuma, chuma kinachoshika magurudumu makubwa, ilikuwa imekazwa mbali nyuma yangu, nikawa nashika kipande kidogo tu cha ringi cha mbele. Hakuna aliyenipima kiuno. Shirika la Afya Duniani lilikwisha kutoa mwongozo kuhusu viti katika nchi kama zetu tangu 2008: mtu apimwe, achaguliwe kiti, kirekebishwe akiwa amekikalia, afundishwe, kisha afuatiliwe. Anayetoa viti mia kwa siku moja bila futi ya kupimia anatoa pia mabega mabovu ya miaka kumi ijayo, hata kama nia yake ni njema. Najua maneno hayo ni makali. Nimeyapima.

Vijana wa timu hupenda kumtaja Anne Wafula Strike, binti wa Mihuu huku magharibi, aliyepata polio akiwa mtoto na akaiwakilisha Kenya katika mbio za viti kwenye Paralimpiki ya Athens mwaka 2004. Wanamtaja kwa ujasiri wake, na wana haki. Natamani siku moja wakitazama mbio hizo waangalie na kiti chenyewe. Kiti cha mbio hutengenezwa kwa vipimo vya mwili wa mtu mmoja, ringi yake ni ndogo, magurudumu yameinama yakaribiane juu, na mwanariadha haikamati ringi, anaipiga kwa glavu ngumu. Kila kitu kimesogezwa ili nguvu ya bega isipotee. Akili hiyohiyo ndiyo ninayoidai kwa kiti cha kwendea sokoni.

Na tusiwadharau wazee wetu wa baiskeli za magurudumu matatu, zile zinazoendeshwa kwa kuzungusha pedali kwa mikono. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni vyombo vya kizamani. Kumbe pedali ya mkono hutumia nguvu za mwili vizuri kuliko ringi, na bega hupata mzigo wa mfululizo usio na vishindo. Kwa safari ndefu ya barabarani ni chombo cha busara kuliko kiti changu. Nimeanza kuulizia bei.

Kiti ninachotumia sasa ni chembamba zaidi, na fundi wa jua kali alinitobolea matundu mapya tukaisogeza ekseli mbele kidogo kidogo. Kila tuliposogeza, mtu alisimama nyuma yangu, maana ekseli ikienda mbele kiti huwa chepesi kusukuma na chepesi vilevile kupinduka kinyumenyume. Tulisimama mahali ambapo mkono wangu ukiwa juu kabisa ya ringi pembe ya kiwiko huwa nyuzi kati ya 100 na 120, kama mwongozo ule wa 2005 unavyosema. Najaza upepo kila Ijumaa, kwa sababu tairi laini ni mlima unaotembea nao. Nikitaka kupumzisha makalio siku hizi nainama mbele au ubavuni, siyo kujiinua kwa mikono kama nilivyofundishwa zamani. Matatu ndiyo bado inanishinda. Kujivuta kutoka kwenye kiti hadi ngazi ile ya mlangoni ni mzigo mkubwa kwa bega kuliko chochote ninachofanya uwanjani, na kondakta akiwa na haraka hata mbinu husahaulika.

Mwezi uliopita alijiunga nasi msichana wa miaka kumi na sita kutoka Kaptembwo. Ana mkono mzuri sana wa kupasi. Alikuja na kiti cha marehemu mjomba wake, mtu mzima aliyekuwa na mwili mkubwa, na amekaa ndani yake mabega yamemfika masikioni. Kocha wetu wa sasa alitaka kumpa jezi siku hiyohiyo. Nilimwomba asubiri kidogo, tukatoa futi ya fundi nguo, tukampima kiuno na mapaja, tukaweka mito miwili pembeni ili asielee mle ndani, na mmoja chini ili mabega yashuke. Alipozunguka uwanja mara ya pili alisimama mbele yangu akaniuliza, "Dada, kwani kiti hakitakiwi kuuma?" Yeye alikuwa anajua maumivu ya bega kama sehemu ya kukaa, tangu akiwa na miaka kumi na mbili. Jumamosi hii fundi anakuja na drili yake uwanjani, na viti vya wenzake watano vimeshapangwa kukifuata cha kwake.