Fadhila za Paa na Hesabu ya Dadu: Sihiri ya Hadithi Inapogeuzwa Kanuni za Mchezo

Mchezo wa kuigiza wa mezani unahitaji vitu vichache: watu wanne au watano, dadu, karatasi, na msimulizi anayeeleza yanayotokea huku kila mchezaji akiamua mhusika wake atasema nini na atafanya nini. Kwa sisi tunaoucheza Zanzibar, ugumu huanza pale tunapotaka kuwaacha wachawi waliomo katika vitabu vya kanuni vya Marekani, tukachukua sihiri ya hadithi tulizolelewa nazo. Je, sihiri hiyo iandikiwe kanuni kamili, kila uwezo na hesabu yake, au iachwe kwa msimulizi, naye aiamue kila inapojitokeza kwa kadiri ya hadithi inavyodai? Kila upande una hoja nzito. Rai yangu ni kwamba wote wawili hutazama mno uwezo wa sihiri, ilhali kinachostahili kuandikwa kwa uangalifu zaidi ni gharama yake.

Mfano mkongwe wa kazi hii ni Dungeons & Dragons, mchezo wa Gary Gygax na Dave Arneson uliotoka mwaka 1974. Namna wachawi wake wanavyotumia sihiri ilichukuliwa kwa kiasi kikubwa kutoka kwa Jack Vance, mwandishi wa Marekani ambaye hadithi zake za wachawi zilichapishwa mwaka 1950. Katika hadithi hizo mchawi huzihifadhi azima, yaani maneno ya sihiri, kichwani kwa taabu kubwa, na akishaitamka moja, hiyo hufutika akilini mpaka aisome upya. Mazirian, mmoja wa wachawi hao, kwa mazoezi makali aliweza kubeba azima nne tu zilizo nzito kabisa, au sita zilizo nyepesi. Uchache huo ndio unaomfanya msomaji ashikilie roho, kwa sababu mchawi anatoka nyumbani kwake akiwa na majibu manne tu kwa hatari asizozijua idadi.

Kanuni za mwanzo ziliuhifadhi uchache huo kwa mchawi mchanga, aliyekuwa na azima moja tu. Lakini mchezo ulipokua, hesabu ikakua nayo. Katika toleo la mwaka 2014 mchawi wa daraja la 20, lililo la juu kabisa, ana nafasi 22 za kutumia azima kabla ya kupumzika usiku, na azima yenyewe haifutiki tena akilini. Kinachopungua ni nafasi. Anayetetea sihiri isiyofungwa na kanuni huona hapo ushahidi wake wote: hadithi ilikuwa na mtu anayebeba kitu kizito kichwani, kanuni zikabaki na jedwali.

Ushahidi huo una nguvu, ila haumalizi kesi. Jedwali hilo limedumu zaidi ya nusu karne kwa sababu linampa mchezaji kitu ambacho hadithi haimpi msikilizaji wake, nacho ni uwezo wa kupanga. Msikilizaji wa hadithi hahitaji kujua kama mchawi atafaulu, maana kazi yake ni kusubiri. Mchezaji anatakiwa aamue, na hawezi kuamua kwa busara iwapo hajui azima yake itafika umbali gani na itamgharimu nini. Mwandishi Brandon Sanderson alilieleza jambo lililo karibu na hili mwaka 2007, alipoandika kwamba uwezo wa mwandishi kutatua mgogoro kwa sihiri kwa namna itakayomridhisha msomaji unalingana na kiasi ambacho msomaji anaielewa sihiri hiyo. Mezani hoja hiyo huzidi uzito, kwa kuwa anayetatua mgogoro ni mchezaji mwenyewe.

Ipo pia hoja ya haki, na kwetu ina mizizi mirefu. Michezo ya barazani ni ya hesabu iliyo wazi. Bao la kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, zote mbele ya macho ya wachezaji na ya watazamaji, na anayekosea kutakata, yaani kucheza zamu yake bila kula kete, hukosolewa na hata mpita njia. Mtu aliyezoea mchezo wa namna hiyo hatakubali kwa urahisi aambiwe na msimulizi kwamba sihiri yake leo imegoma bila sababu anayoweza kuiona. Atadhani anaonewa, na pengine kweli anaonewa, kwa sababu msimulizi naye ni binadamu mwenye rafiki mezani.

Hata hivyo kanuni nyingi zina dhuluma yake. Vitabu vya michezo hii vimeandikwa kwa Kiingereza na ni vinene. Aliyenacho na anayekisoma kwa wepesi ndiye huwa kadhi wa meza, wengine wakabaki kuuliza ruhusa. Usiku wa Ramadhani, baada ya tarawehe, muda wa kukaa pamoja ni mrefu lakini una mwisho, na saa nzima inaweza kupotea katika kutafuta ukurasa unaoeleza kama moto wa sihiri huwaka juu ya maji.

Tuijaribu migongano hii kwa hadithi yetu wenyewe. Miongoni mwa hadithi ambazo Edward Steere alizikusanya Unguja na kuzichapisha London mwaka 1870 imo ile ya Sultani Darai. Maskini anayechakura jaani anaokota thumni, ananunua paa, na paa anasema kama mtu. Paa huyo anampelekea sultani wa mbali almasi, anamposea bwana wake binti wa sultani, anamuua nyoka mwenye vichwa saba na kumpatia bwana wake jumba la nyoka huyo. Kisha paa anaugua, na bwana aliyeneemeka anaagiza apewe uji wa mtama tu. Paa anakufa na kutupwa kisimani. Bwana analala, na akiamka yuko jaani, anachakura kama zamani.

Mtunzi wa kanuni aliyezoea vitabu vya Marekani atakimbilia kumpa paa orodha ya uwezo: kusema, kudanganya masultani, kuua nyoka, kila kimoja na alama zake za dadu. Atakuwa ameandika yasiyo na uzito na kuliacha lililo kiini. Paa hatamki azima yoyote, na wala hafanyi jambo likamshinda. Utajiri wote wa yule maskini unasimama juu ya fadhila, na unaanguka pale fadhila inapokanwa.

Hapa dadu yenyewe inafaa kuhojiwa. Dadu ya pande 20 huupa kila upande nafasi ya asilimia 5. Dadu mbili za pande sita huleta jumla ya saba mara sita katika kila matokeo 36. Namna zote mbili zinasema kwamba sihiri hushindwa kwa bahati. Katika hadithi zetu haishindwi hivyo, bali huvunjika kwa sababu mtu amevunja mwiko, amefungua mlango aliokatazwa au amemsahau aliyemtendea wema. Kumtaka mchezaji arushe dadu ili paa afaulu ni kuiingiza bahati mahali ambapo hadithi iliweka dhamana. Mchezo wa Call of Cthulhu, wa mwaka 1981, ulilikaribia jambo hili kwa njia yake: anayetumia sihiri hupoteza sehemu ya akili timamu, hivyo anachouliza mchezaji ni kama yuko tayari kulipa.

Basi kwa paa ningeandika kanuni moja. Mchezaji aliyemchukua paa anapewa akiba ya fadhila. Paa hufaulu daima katika jambo analotumwa, na kila anapotumwa akiba hupungua. Huongezeka bwana anapomtendea paa wema unaomgharimu kitu, kama muda, mali au heshima mbele ya wakubwa. Ikiisha, kila kilicholetwa na paa huondoka. Kanuni hiyo ijulikane na wote kabla ya mchezo kuanza, na hapo watetezi wa uwazi wameshinda. Lakini hesabu yenyewe aishike msimulizi, asiionyeshe. Mchezaji anayeona kwamba amebakiwa na mbili atampa paa maziwa kama mtu anayelipia umeme, na kufadhili kutakuwa kumekwisha maana.

Mpinzani atasema kwamba hesabu iliyofichwa ndiyo ile ile dhuluma ya msimulizi. Pingamizi hilo silipuuzi. Kinachoweza kulipunguza ni kumfunga msimulizi kwa ishara: kila akiba inapopungua, jambo lionekane katika hadithi, kwa mfano paa amekula kidogo, amejibu kwa neno moja, amelala mbali na mlango. Msimulizi aandike hesabu kwenye karatasi na aionyeshe mchezo ukiisha, ili anayetaka kuikagua aikague. Kwa meza ambayo watu wake hawaaminiani hilo halitatosha, na wao ni bora waicheze kwa kete zilizo wazi, hata kama watapoteza kitu.

Mpaka mmoja ningeomba usivukwe. Ramli ina maumbo 16, yanayotokana na safu nne zenye nukta moja au mbili kila moja, na mtunzi wa michezo akiiona atatamani kuigeuza dadu siku hiyo hiyo. Kombe, maandishi yanayooshwa kwa maji ili mgonjwa ayanywe, huandikwa kwa aya za Qur'ani. Hofu ya popobawa, jini anayedaiwa kuwashambulia watu majumbani usiku, iliyoanzia Pemba mwaka 1995 iliwafanya watu walale nje kwa makundi, na wengi walioipitia bado wako nasi. Mambo haya watu wanayaishi au wanayaogopa kwa dhati, na wazee wanaouchukia mchezo unaogusa sihiri watakuwa na haki ya kuchukia kikweli ikiwa yatarushiwa dadu. Hadithi za paa na nyoka zinatosha, nazo hazimvunjii mtu heshima.

Linabaki suala la wachezaji wengine, ambalo kanuni yangu ya kwanza hailigusi. Utajiri unapoondoka katika hadithi, binti wa sultani naye anajikuta amerudi kwa baba yake, ingawa yeye alimsikitikia paa na kumhudumia kinyume cha amri ya mumewe. Mezani hili linaweza kuonekana uonevu mtupu, mtu kuadhibiwa kwa ukaidi wa mwenzake. Ningeliacha lilivyo kwa sharti moja: wengine wawe na ruhusa ya kumtendea paa wema wakati wowote, wema wao uandikwe kwa majina yao, na bwana anaporudi jaani wao wabaki na kile ambacho paa angewapa kwa mikono yake mwenyewe. Akiba ya bwana isijazwe na wema wa mkewe.