Deksamethasoni, uvimbe na mwendo wa seli nyeupe

Mpara samaki pale mwalo wa Kirumba, Mwanza, akichomwa na mwiba wa sangara, kesho yake kidole kimejaa, kina moto, hakikunjiki. Kisu hakishikiki, na siku bila kazi ni siku bila hela. Ndiyo maana vidonge vya deksamethasoni na prednisoloni, dawa za jamii ya steroidi, vinavyouzwa bila cheti cha daktari havikosi wateja. Uvimbe unashuka, mtu anarudi kazini. Lakini umeshukaje?

Kidole huvimba kwa sababu mishipa midogo imetanuka na seli nyeupe, hasa nyutrofili, zinatoka kwenye damu kuwafuata vijidudu. Ili zipenye, lazima kwanza zinate kwenye ukuta wa mshipa. Steroidi hupunguza protini za kunatia pamoja na kemikali zinazoziita, hivyo nyingi hubaki ndani ya damu huku vijidudu vikiendelea kuzaliana kidoleni. Diklofenaki na ibuprofeni, dawa za maumivu na uvimbe zisizo steroidi, hupita njia nyingine: huzuia mwili kutengeneza prostaglandini, kemikali zinazochochea maumivu na uvimbe, jambo ambalo mwanasayansi John Vane alilionyesha kwa asprini mwaka 1971. Zina madhara yake, tumboni na kwenye figo, ila haziwezi kuzizuia seli nyeupe kwa kiwango cha steroidi.

Kipimo cha damu nacho huchanganya. Kwa kawaida karibu nusu ya nyutrofili zilizo kwenye mishipa huwa zimejibanza ukutani, hazihesabiki. Steroidi huziachisha, na ndani ya saa chache hesabu inapanda. Ni kama mitumbwi iliyofungwa ufukweni ikifunguliwa yote kwa pamoja, anayehesabu ziwani atadhani imenunuliwa mingine. Daktari asiyejua mgonjwa alimeza nini anaweza kuisoma namba ile kama maambukizi makali.

Eosinofili, aina nyingine ya seli nyeupe, kinyume chake hupungua, na hizi ndizo zinazopambana na minyoo. Hapo kwa kweli nina hofu. Mnyoo uitwao strongiloidi huingia kupitia ngozi ya miguu iliyokanyaga udongo wenye kinyesi, na unaweza kukaa mwilini miaka mingi kimya. Steroidi zinaweza kuufungulia uzaliane na kusambaa hadi mapafuni, na mtu akafa.

Hata hivyo siwaungi mkono wanaoziita steroidi sumu. Mwaka 2020 utafiti wa RECOVERY nchini Uingereza ulionyesha kuwa miligramu 6 za deksamethasoni kwa siku zilipunguza vifo vya wagonjwa wa korona kwa theluthi moja kwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, na kwa moja ya tano kwa waliopewa oksijeni tu. Wasiohitaji oksijeni hawakupata faida. Wale mahututi, mwitikio wa mwili wenyewe ndio uliokuwa ukiharibu mapafu, kama unavyobana njia za hewa za mwenye pumu. Kidoleni mwa mpara samaki, adui ni kijidudu. Anahitaji kidonda kisafishwe, paracetamol ya maumivu, na akiona usaha au wekundu unapanda mkononi, zahanati siku hiyohiyo.

Kumlaumu yeye peke yake si haki, maana foleni ya zahanati humla siku nzima. Muuzaji ndiye anayepaswa kukataa. Na aliyekwisha kuzitumia wiki kadhaa asiziache ghafla, kwani tezi zilizo juu ya figo huwa zimepunguza kutengeneza homoni yake. Amweleze daktari, azipunguze taratibu, na akienda kupimwa damu azitaje kabla ya sindano.