Kinyonga si samaki, mtoeni kwenye tenki

Jirani yangu hapa Lanet, Nakuru, ameweka stetasi. Kinyonga mtoto, hata kidole changu cha mwisho kinamshinda urefu, amekaa ndani ya tenki ya samaki. Juu wamefunika na plaiwudi, chini kuna changarawe za bluu, bakuli la maji limejaa, na pembeni jani la sukuma. Sukuma wiki jamani! Mnyama anakula wadudu walio hai, nyinyi mnamwekea mboga kama amekuja kula ugali. Na watu wanaangusha mioyo tu hapo chini, ati "cute".

Nikaenda huko. Kijana wa huyo jirani, ndiye mwenye kinyonga, akaniuliza kitu kimoja cha maana kuliko vyote walivyosema wakubwa wa hiyo nyumba: "Anko, mbona hanywi maji na bakuli limejaa?"

Hanywi kwa sababu hajui hayo ni maji. Kinyonga anakunywa matone, umande wa asubuhi, mvua ikidondoka jani kwa jani, maji yaliyotulia kwenye bakuli anayapita tu hivi hivi mpaka akauke. Nikaomba ile chupa ya kupulizia ya saluni (mama yake anasuka watu nyumbani), nikapulizia tawi la haibiskasi kidogo kidogo. Mwanzo hakuna kitu. Halafu jicho moja likageukia tone, lingine bado linanichunga mimi, akasogea kwa ile mikogo yao ya kuyumba mbele nyuma, akafungua mdomo polepole akaanza kunywa, na akanywa muda mrefu. Kijana alinyamaza kabisa. Baba yake naye anatafuta simu arekodi.

Sasa hicho kioo. Hiki ndicho kinaniudhi, kwa sababu watu wanachagua kioo ili WAO waone vizuri, mwenye kuishi humo hakuna aliyemuuliza. Hewa haitembei humo, na ukipulizia maji kunabaki na unyevu uliolala, mapafu yanaanza kuharibika, utamwona anainua kichwa juu na kuachama ili apumue. Anajiona kwenye kioo anadhani ni kinyonga mwingine amekuja kumpora tawi, anashinda amekasirika. Ukiweka tenki juani inageuka jiko anaiva humo ndani, na ukiiweka ndani kando ya dirisha unadhani anapata jua, joto anapata ndio, lakini ile miale ya UVB inayomsaidia kutengeneza vitamini D kioo kinaizuia karibu yote, na bila hiyo chokaa haiingii kwenye mifupa. Mtoto anayekua mifupa inakuwa laini, miguu inapinda. Halafu mtasema amelogwa.

Sawa, kuna watu Ulaya kwenye baridi wanatumia kioo na wanyama wao wanaishi. Lakini wao wana matundu ya hewa chini na wavu juu na taa maalum, hawana plaiwudi.

Sisi jua tunalo la bure, tuko hapa kwenye ikweta! Fremu ya mbao, futi moja kwa futi moja na kwenda juu futi mbili, kwa mtoto inatosha kwa sasa. Uizungushie ule wavu laini wa madirisha wa kuzuia mbu, wa kuku una matundu makubwa atapita akisalimia. Ndani weka mmea wa kweli na vijiti vyembamba unene wa penseli vikikatizana, maana miguu yake ni ya kushika. Ining'inize chini ya mpera, nusu jua nusu kivuli, achague mwenyewe. Pulizia asubuhi na jioni, katikati kukauke. Usiweke wawili pamoja. Usimbebe bebe kila mgeni akija. Baridi ya usiku ya Nakuru, hawa wetu wa nyanda za juu wameizoea.

Chakula ni vinzi vidogo vya matunda na nyenje wachanga, wasizidi upana wa kichwa chake, na unga kidogo wa kalsiamu juu yao. Msicheke, kule Bondo chuo kikuu cha Jaramogi wanafuga nyenje kwa sayansi kabisa, tena wa kuliwa na watu.

Najua kuna wa kuniambia sheria. Haya, ni kweli, sheria ya wanyamapori ya 2013 inataka kibali cha KWS, lile shirika la wanyamapori la Kenya, na huyu kijana alimtoa tu kwenye ua wa jirani. Nimemwambia baba yake. Akasema "lakini ni kadogo, anko". Udogo si kibali. Kama hauna hiyo karatasi mrudishe kwenye ua ule ule, asubuhi jua likishachomoza, na umweke juu kwenye tawi, sio chini kwenye nyasi ambako kuku wa mama nani wanamngoja.