Mtoto wa Magarini Ana Kwao

Kiangazi kikikaza huku Malindi, watu wenye huruma huja na wazo lile lile: tufungue makao ya watoto. Kila nikilisikia husononeka, maana nawajua watoto wanaozungumziwa. Wengi wao si mayatima. Wana mama Marafa, wana nyanya Adu, huko Magarini kwenye bara ya Kilifi, wana baba aliyekwenda Mombasa kutafuta kibarua baada ya mahindi kukauka shambani. Walichokosa ni maji na chakula.

Kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022 Pembe ya Afrika ilikosa mvua misimu mitano mfululizo, na bara ya Kilifi haikusalimika. Ukame una namna yake ya kuingia nyumbani. Kwanza mbuzi huuzwa kwa bei ya kutupa. Bwawa likikauka, msichana huamka alfajiri na dumu la lita 20, na kufika kwake darasani kukawa kwa bahati. Kaka yake huingia msituni kuchoma makaa. Mlo hupungua hadi mmoja kwa siku, na mdogo wao wa miaka miwili huanza kukonda. Mhudumu wa afya ya jamii humzungushia utepe mkononi: kipimo kikiwa chini ya sentimita 11.5, ni rangi nyekundu, utapiamlo mkali, na matibabu hayangoji kesho. Katika yote hayo, bweni lililojengwa karibu na ufuo linaponya nini?

Maji yenyewe yapo. Mitambo ya Baricho, kando ya mto Sabaki, ndiyo inayotunywesha sisi wa mjini, na mabomba yake yanafika hadi Mombasa. Nikifungua mfereji humkumbuka mama anayechota dimbwi moja na ng'ombe. Kwa nini hayamfikii? Hili tuliulize kila kaunti inapotuita kutoa maoni ya bajeti, tena bila kuona haya.

Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya 2009 inasema umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwao. Kenya nayo ilisimamisha usajili wa makao mapya 2017, na mkakati wake wa 2022 hadi 2032 unataka watoto walelewe katika familia. Yapo makao yaliyowaokoa watoto waliopigwa, walionajisiwa, wasio na mtu kabisa; wanaowahudumia Mungu awalipe. Mwenye njaa tu alishiwe kwao.

Mimi naamini sana uji wa shule. Sufuria ikiwa jikoni, watoto huja. Unga ukiisha, madawati hubaki matupu. Msichana anayeshiba shuleni hana haja ya kushuka mjini kutafuta kazi za ndani, na sote tunajua hatari zinazomngoja katika mji wa watalii.

Basi ukiwa na chako cha kutoa, Ramadhani au Krismasi, mwone mwalimu mkuu wa shule ya huko bara. Muulize kama unga utafika mwisho wa muhula, na kama tangi la maji ya mvua lipo na halivuji. Kwa familia, mhudumu wa afya wa kijiji anazijua nyumba ambazo jiko halijawashwa tangu jana. Tuma pesa kwenye simu ya mama, naye ataamua aanze na unga au na dawa.