Umeniletea maiti, mdogo wangu

Jumapili niko zangu uani napepeta mchele, simu ikaita. Kijana aliyekuja fildi kwetu hapa Muheza mwaka jana, mtoto msikivu kweli, ana adabu zake. "Shikamoo madam, samahani kwa usumbufu, data zangu zimetoka vizuri sana, pii valiu 0.000, naomba tu uniambie nitumie testi gani." Nusura nimwage ungo. Pii valiu, ile namba inayotolewa na testi yenyewe ya takwimu, ushaipata halafu ndo unauliza testi? Na hiyo 0.000 yenyewe, SPSS, ile programu ya takwimu ya kompyuta, imekata desimali tu jamani, andika chini ya 0.001 utulie, hujafika mwisho wa dunia.

Nikamwambia nitumie picha ya shamba. Mahindi, ploti mbili. Yenye samadi iko bondeni karibu na mfereji, isiyo na samadi iko juu huko kwenye udongo mwekundu uliochoka. Marudio mangapi, yaani kila moja umeirudia kwenye ploti ngapi tofauti? Kumi madam. Kumi yako wapi mbona naona ploti mbili? "Nimekata kila ploti vipande kumi, nikavuna kimoja kimoja nikapima."

Yaani mtu kaonja sufuria moja ya wali wa nazi kwa vijiko kumi, anakuja kutuhadithia kahudhuria harusi kumi.

Na mtoto huyu ana A ya takwimu, kaniambia mwenyewe, ndo maana hasira zangu haziko kwake. Semista nzima ni slaidi, fomula, majedwali ya F, baadae mnaingizwa chumba cha kompyuta bonyeza hapa bonyeza pale, mtihani, kwaheri. Nasi tulipita humohumo. Hakuna siku umesimamishwa shambani ukaulizwa swali la kijinga kabisa: kwani hapa pote pako sawa? Marehemu bibi yangu kule Pongwe shule hakuiona, lakini ungemwambia unalinganisha shamba la bondeni na la juu angekucheka mpaka akae chini, bondeni si hata mwiko ukiuchomeka unaota. Bibi alikuwa anaijua veriansi, huko kutofautiana kwa kipande na kipande, jina tu ndo hakupewa.

Kinachoniuma zaidi, hii takwimu tunayoiogopa imezaliwa humuhumu kwenye samadi na matope. Mtakwimu Ronald Fisher alienda kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, mwaka 1919, akakuta watu wanajaribu mbolea kwenye ngano tangu 1843, data zimejaa na hakuna anayejua zinasema nini. Na kabla yake, 1911, watafiti Mercer na Hall walichapisha kitu palepale ambacho mimi ningekifanya somo la kwanza kabisa: shamba moja la ngano, matunzo yaleyale, hakuna cha mbolea hii wala ile, wakalivuna kwa vipande 500 wakapima kila kimoja. Kilichozaa sana kilikaribia mara mbili ya kilichozaa kidogo. Ardhi tu hiyo!

Sasa ningekuwa mimi ndo nafundisha, wiki ya kwanza hakuna fomula. Chukueni jembe. Vipande ishirini vya mchicha, mbegu moja, maji sawa, kila kitu sawa. Siku ya kuvuna kila kipande kwenye mizani. Halafu tunaandika karatasi, kumi "mbolea A" kumi "mbolea B", tunatia kwenye kofia tunapiga kura, mbolea za uongo kabisa hazipo popote, tunatafuta wastani wa A na wa B. Utashangaa, A kamzidi B! Tunarudisha karatasi tunapiga tena, safari hii B kazidi. Tena, tena, mpaka mkono uchoke. Hapo ndo unamwambia mtoto, umeiona hiyo tofauti inayokuja bure bure bila sababu? Ndo mshindani wako huyo. Siku ukiweka mbolea ya kweli, pii valiu inakuuliza kitu kimoja tu, kama mbolea yako haina lolote, hizi za kofia zingeifikia tofauti uliyopata mara ngapi? Akishaelewa hapo, kumfundisha ti-testi na anova, hizo testi za kulinganisha wastani, ni kumwonyesha njia fupi tu.

Najua mtaniambia lekchara mmoja ana wanafunzi mia tatu na shamba la mafunzo hakuna. Haya, nakubali, kwa shingo upande. Lakini mchicha unavunwa ndani ya mwezi na nyuma ya hosteli panatosha, msinifanye sijasoma chuo.

(Wale wa dodoso nanyi msicheke, kila propozo fomula ya Yamane ya kutafuta ukubwa wa sampuli, kila sampuli 390 na ushee, ukimuuliza ile 0.05 ya kiwango cha makosa kaitoa wapi anakwambia ya mwenzie ilikuwa hivyohivyo.)

Fisher alisema mwaka 1938 kwamba kumfuata mtakwimu jaribio likishaisha ni kumwomba apasue maiti tu, pengine ataweza kukwambia limekufa kwa ugonjwa gani. Nami nikampasulia kijana wangu taratibu. Nikamwambia hapa hakuna testi ya kukuokoa, huwezi kujua ni samadi au ni bonde, liandike hivyohivyo kwenye mapungufu, na msimu ujao ukipata nafasi gawa kila sehemu ya mteremko ipate zote mbili, piga kura, rudia.

Akashukuru sana. Jioni kanitumia meseji: "Madam, supavaiza amesema marudio kumi ni machache, nifikishe thelathini."

Si akate tu vipande vidogo zaidi.